Chupa za Rafu ya Chini

Machi 6

Dada,

Kabla hujasoma mstari wa pili, tafadhali toka kwa wateja, ingia chumbani ufunge mlango. Nitakayokuandikia usimsomee mtu, usimsimulie jirani, wala usimwambie shemeji hata akiwa usingizini. Nimekula kiapo hapa kazini na kukitia saini: yanayoonekana ndani ya jengo hayatoki nje ya jengo. Karani aliyenitangulia aliachishwa kwa picha moja tu aliyompelekea mpwa wake. Ukimaliza kusoma, choma. Ukiona taabu kuchoma, ichane vipande vidogo uvichanganye na nywele unazofagia.

Sikupigi simu kwa sababu nyumba yenu ni ndogo, na wewe mwenyewe husema sauti yangu kwenye simu ni ya mtu anayezama.

Kazi yenyewe ni panya. Nimeajiriwa kusoma namba zinazotokea kwenye masanduku yao ya majaribio na kuzipiga chapa kwa ajili ya Profesa. Siruhusiwi kuwagusa. Panya ni viumbe wa usiku na watafiti ni watu wa mchana, kwa hiyo hapa mchana umegeuzwa. Taa nyeupe huwaka usiku, panya wakalala. Asubuhi huzimwa, ikabaki taa nyekundu ambayo macho yao hayaioni vizuri. Kwao ni giza, kwetu ni nuru ya ajabu. Siku ya kwanza nilidhani mtu amefuta masahihisho ya Profesa kwenye karatasi yangu. Kumbe aliandika kwa wino mwekundu, na ndani ya chumba kile wino mwekundu hauonekani.

Humo ndani tuko watu wawili muda mwingi, mimi na mhudumu wa vizimba. Wote wanamwita Bi Pamba kwa sababu huwawekea panya pamba ya kutandika hata wasiopangiwa. Ni mama wa makamo, mfupi sana, na anazungumza na panya kuliko anavyozungumza na watu. Rafu ya juu haifikii, na ngazi yao imevunjika mguu, kwa hiyo namjazia zile chupa za maji za juu kwa kuwa mimi ni mrefu. Hilo nalo naomba ulisahau.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua. Kila panya huingizwa kwenye sanduku lenye mambo mawili. Upande mmoja kuna chakula cha kawaida, vipande vikavu vya kijivu, bure, ale atakavyo. Upande wa pili kuna kibao kidogo cha chuma. Akikibonyeza mara kadhaa, inadondoka punje ya sukari. Panya mzima hapotezi muda na vile vikavu, anakwenda kubonyeza. Halafu anadungwa dawa ya kwanza, inayoziba njia ya dopamini, kemikali ya ubongo. Ni panya yuleyule na sukari ni ileile, lakini anageuka na kula vya bure. Si kwamba sukari haipendi tena. Ukimtilia mdomoni anailamba vilevile. Kupenda kupo. Kilichokatika ni safari ya kutoka kwenye kupenda hadi kwenye kunyanyuka.

Dada, nilipopiga chapa sentensi hiyo nilimwona shemeji kwenye kochi lake. Ukimletea redio anasikiliza. Redio ikibaki dirishani anaiacha iimbie majirani.

Profesa ana dawa ya pili, mpya, inayogusa kemikali nyingine iitwayo serotonini. Anasema kemikali za ubongo hazifanyi kazi mojamoja, kila moja imeshika upindo wa shati la mwenzake, ukivuta hii na ile inakuja. Panya waliopata dawa zote mbili wanarudi kwenye kibao. Namba nimezisoma mwenyewe, wanabonyeza karibu kama wazima. Wakubwa wamekubali ijaribiwe kwa watu wenye ugonjwa wa shemeji mwaka huuhuu, mradi wawe wameacha dawa nyingine kwanza.

Sikuambii ili ufanye lolote. Nakuambia kwa sababu nimekaa na jambo hili siku kadhaa na limenizidi kimo.

Mdogo wako

*

Machi 15

Kinyonga wangu,

Barua sikuichoma. Nimeiweka mahali ambapo hata mimi nitapasahau, kwa hiyo lala. Wanasema mwenda pole hajikwai, lakini wewe hata kitandani unalala kwa tahadhari. Hivi kweli serikali nzima itasimama kwa sababu umemwinulia mama wa watu chupa ya maji?

Umemlinganisha mume wangu na panya. Mama angekuwa hai ungelala na njaa. Nilikasirika mpaka mteja akalalamika kwamba namvuta nywele. Kisha jioni nikamtazama vizuri, nikaona hujakosea.

Yuko kwenye lile kochi la kijani. Unalikumbuka, alilijaza mwenyewe mwaka tuliooana, na chini ya kiti akaandika majina yetu kwa chaki ya fundi, kama anavyoandika la mwenye mali chini ya kila kochi analomaliza. Ule mwandiko wake wa kulala upande mmoja, kama nyasi zilizopigwa na upepo. Makochi matatu ya watu yako uani chini ya turubai. Wenyewe hupita, huuliza hali kwa adabu, huondoka. Mmoja aliniambia, "Mama, fundi akikaa sana kwenye kochi naye anakuwa mto." Nilicheka, kisha nikamsuka mwanawe bure kwa sababu angalau alithubutu kusema.

Anakunywa vidonge vyake vya hospitali. Havimwamshi, havimwangushi. Amekuwa kama mlango usiofungwa wala usiofunguliwa.

Nimejifunza kitu kwa panya wako. Nimeona mimi ndiye vile vipande vikavu vya bure. Kila kitu nampelekea mapajani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi nimekuwa nikimwinamia. Basi nimeweka sahani mezani, hatua chache tu kutoka alipo. Siku ya kwanza hakuja. Siku ya pili alikuja chakula kimepoa, akala amesimama.

Hebu niambie, hao watu watakaojaribiwa, dawa zao za zamani waache kwa muda gani? Na majina yanapokelewa wapi? Nauliza tu, kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichonunua.

Dada yako

*

Machi 24

Dada,

Rudisha sahani. Nakuomba kwa heshima zote. Sikukuandikia habari za panya ili uzipike. Jaribio hilo nalo wamelifanya: wakaondoa chakula cha bure, kisha kibao wakakiongezea uzito, kibonyezwe mara nyingi zaidi kwa punje moja. Panya mwenye dopamini hafifu hakujifunza bidii. Alikaa katikati ya sanduku, akakonda. Anayeshindwa kuinuka hainuki zaidi kwa kuwa ana njaa. Ukitaka kumjaribu shemeji kwa umbali, jaribu kwa kitu asichokihitaji. Chakula mpe.

Juzi walikuja wageni na Profesa akawaeleza kazi yetu chini ya taa nyekundu. Anaeleza vizuri, na nilisimama nyuma nikasikiliza kama mwanafunzi. Alisema ndani ya ubongo kuna chembe zenye mlango unaoshikwa na wawili. Dopamini inausukuma ufunguke. Nyingine inaitwa adenosini, hiyo inaukalia. Hurundikana kadiri kiumbe anavyokaa macho, na kazi yake ni kumwambia pumzika. Ukizuia mmoja, mwingine anapata nguvu. Halafu serotonini nayo iko pembeni, inawapunguzia au kuwaongezea sauti wote wawili. Mgeni mmoja aliuliza nani basi mkuu wa nyumba. Profesa akajibu kwamba hakuna mkuu, kuna ugomvi wa kifamilia tu, na tabia ni kelele tunazosikia nje ya mlango.

Bi Pamba alinong'ona kwamba kwa ugomvi wa kifamilia hahitaji Profesa. Yeye anawahurumia wale waliodungwa. Anasema mtu akichomwa sindano hupewa kitu cha kumpa nguvu, kwa nini hawa waambulie sindano peke yake. Huwa anakaa kwenye kigoda chake mbele ya rafu ya chini, birika la chai ya rangi ya wafanyakazi miguuni, anawaita watoto wa watu.

Sasa jibu lako. Wiki sita bila dawa nyingine. Majina yanapokelewa kwenye dirisha la mapokezi nyuma ya taasisi, na Profesa anawaona mwenyewe. Nakujibu kwa sababu tangu utotoni ukiuliza kitu hukikosi, na ni afadhali ukipate kwangu kuliko kwa mtu atakayeuliza jina lako. Lakini niambie, kwa nini unauliza?

Mdogo wako

*

Aprili 5

Kinyonga,

Sahani imerudi mapajani. Umeshinda.

Nimefuata shauri lako la kitu asichokihitaji. Nimeweka kipande chake cha chaki juu ya dirisha, mkabala na kochi. Anakitazama. Ni zaidi ya anavyonitazama mimi.

Hospitali siendi naye siku hizi, foleni ni ndefu na wateja hawasubiri. Amekonda kidogo. Usingizi umekuwa mwingi. Mengine nitakuambia kwa mdomo Mungu akitukutanisha, usijisumbue nayo. Wewe piga chapa zako vizuri, dawa ya huyo Profesa wako iwahi.

Dada yako

*

Aprili 19

Dada,

Hii choma. Zile nyingine weka ukitaka, lakini hii choma.

Jumanne nilikuwa chumba chekundu nikiwa nimeweka karatasi zangu chini ya rafu ya chini. Chupa moja ilikuwa ikivuja. Tone lilianguka kwenye karatasi na sikujali, nikalifuta kwa mkono wa shati, maji tu. Nilipofika ofisini kwenye mwanga wa dirisha nikaona duara la kahawia. Mkono wa shati nao ulikuwa na doa. Nikanusa. Ilikuwa chai.

Nilirudi, nikachukua chupa nyingine ya rafu ya chini na kutoka nayo ukumbini, ambapo kuna mchana wa kweli. Chai. Ya tatu, chai. Za rafu ya juu ni maji, na hilo nalijua kwa sababu mimi ndiye ninayezijaza bombani. Chini ya ile taa zote zinafanana. Wangeweza kunywa chai mwaka mzima mbele ya macho ya wataalamu.

Nilimuuliza Bi Pamba kwa upole, kwa kuwa niliogopa kuliko yeye. Hakuficha. Kila asubuhi, kabla hawajapelekwa kwenye masanduku, humimina chai iliyobaki kwenye birika, imeshapoa, ndani ya chupa za wale anaoweza kuwafikia. Alisema aliambiwa asiwape chakula nje ya mpango na hajawapa chakula. Nikamuuliza kwa nini hakunipa niwawekee na wa juu. "Wewe mwanangu ni mwoga," akasema. "Ungekwenda kuomba ruhusa."

Uelewe kilichotokea. Rafu ya chini ndiko waliko panya wanaopata dawa mbili. Rafu ya juu ni wale wa dawa moja. Mtu aliyepanga vizimba aliona ni rahisi kuwaweka kundi kundi ili asichanganye sindano, na hakuna aliyefikiri kwamba rafu ni jambo. Na ndani ya chai mna kafeini. Kazi ya kafeini ni kumwondoa adenosini pale mlangoni alipokalia. Dopamini iliyozibwa ikapata mwanya, mlango ukafunguka kidogo, panya wakaenda kwenye kibao. Huenda dawa ya Profesa inafanya kazi. Huenda haifanyi chochote. Namba nilizopiga chapa haziwezi kusema. Zinachosema kwa hakika ni kwamba Bi Pamba ni mfupi.

Nimefikiri nikae kimya. Nikisema, Bi Pamba ataondolewa leo na mimi kesho, kwani nitaulizwa nilijuaje na nani alinipa ruhusa ya kugusa chupa. Dawa yenyewe imeshapimwa kwamba si sumu, kwa hiyo hao watakaopewa haitawadhuru. Baada ya muda wataona haiwasaidii na wataacha. Ni watu nisiowajua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na sauti ninayojiambia nayo ni ya mtu anayesoma tangazo la kazi.

Wewe unaonaje? Usijibu kama ni kunilaumu.

Mdogo wako

*

Aprili 26

Mdogo wangu,

Leo sina utani.

Shemeji yako aliacha vidonge siku ileile nilipopata jibu lako la wiki sita. Mimi ndiye niliyemwachisha. Nilimwambia kuna dawa ya watu wakubwa inakuja, akasema sawa, kama anavyosema sawa kwa kila kitu. Mwanzoni mwa mwezi huu tulipanda basi la asubuhi mpaka huko kwenu, tukaenda kwenye dirisha la nyuma, tukaandikisha jina, na Profesa wako akatuona. Ni mtu mpole. Alimuuliza shemeji mambo mengi na akamngoja kila jibu hata likichelewa. Tulipotoka tulipita chini ya ofisi yako. Niliona kivuli chako dirishani, umeinama. Sikukuita. Nilijua ungezimia.

Kwa hiyo wewe ulikumbatia hofu yako na mimi nikakuficha mambo yangu, na katikati yetu kakaa mtu mmoja anayepungua.

Tangu wiki ya tatu bila vidonge amebadilika. Nilikuandikia kwamba havimwamshi wala havimwangushi. Nilikosea nusu. Vilikuwa vimemshika, na mimi nilidhani ni yeye anayejishika. Juzi nilikwenda sokoni, niliporudi nikamkuta ameketi kwenye karai la kuogea, maji yamepoa, vidole vimekunjamana. Nilipomuuliza amekaa humo tangu lini aliniambia hakuona sababu ya kutoka. Hakuona sababu ya kubaki pia. Alisema hivyo kwa utulivu, kama mtu anayekueleza njia.

Kesho tunarudi kwa daktari wake wa zamani, foleni au bila foleni, nikalale mlangoni ikibidi. Huyo wangu nitamshughulikia. Sikuandikii kwa ajili yake.

Nakuandikia kwa ajili ya benchi. Tulipokuwa tukingoja pale dirishani kulikuwa na benchi refu na limejaa. Kulikuwa na binti aliyemshika mama yake mkono, na yule mama hakuwa amefunga kiatu kimoja. Kulikuwa na mwalimu, nilimjua kwa vumbi la chaki kwenye mfuko wa koti, vumbi la zamani. Mwanamume mmoja alikuja peke yake, na nilijiuliza alipata wapi nguvu ya kufika. Tuliongea, unanijua. Nilimuuliza yule binti mama yake ameacha dawa lini. Akaniambia kwa furaha, tarehe yao ilikuwa inakaribiana na yetu.

Umeniandikia kwamba dawa haitawadhuru. Hujauliza kuingojea kunadhuru nini.

Sitakuambia ufanye nini. Nimekulea, na najua ukisukumwa unarudi nyuma. Nimekueleza tu waliokaa kwenye benchi, kwa sababu ulisema ni watu usiowajua.

Dada yako

*

Mei 10

Dada,

Barua hii imechelewa kwa sababu kwa siku kadhaa sikuwa na mahali pa kuiandikia. Naeleza kwa mpangilio.

Nilipata barua yako mchana. Niliisoma chooni, nikairudia, kisha nikaenda kwa Bi Pamba kwanza, maana sikutaka asikie habari zake kutoka kwa mtu mwingine. Alikuwa akibadilisha pamba. Nilimweleza kwamba kuna watu wameacha dawa zao kwa ajili ya panya wake. Alikaa kwenye kigoda. Akasema yeye alidhani anawapa chai panya. Akavua aproni, akaikunja, akasema twende.

Nilimwambia abaki, nikaenda peke yangu. Nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa chupa mbili, moja ya chini na moja ya juu. Profesa alikuwa anakula chakula cha mchana ofisini. Nilisema kwamba naomba aje nami ukumbini, na kwamba sitaweza kueleza humo ndani kwa sababu nitapoteza mpangilio wa maneno. Alikuja. Nilizisimamisha chupa zote mbili juu ya kizingiti cha dirisha, kwenye jua.

Alizitazama. Kisha alifungua ile ya kahawia, akatia tone kwenye kidole, akaonja.

"Ina sukari," akasema.

Hakupandisha sauti hata mara moja, na ningependa angepandisha. Aliuliza rafu zimepangwaje, nikamwambia. Aliuliza nani anajaza ya juu, nikamwambia. Aliegemea ukuta akafumba macho, na nikaelewa kwamba alikuwa akizipitia namba zote moja baada ya nyingine, namba zangu, na kuziweka chini. Aliuliza nimejua tangu lini. Hilo lilikuwa gumu kuliko yote, lakini nilimwambia ni zaidi ya wiki, na kwamba nilikuwa nimekata shauri la kunyamaza.

"Na nani mwingine anajua?"

Dada, hapo ningeweza kusema hakuna. Alikuwa ananiangalia kwa namna ya mtu aliye tayari kuridhika na jibu hilo. Lakini nilikuwa sijamfikishia habari za benchi, na benchi sikuliona mimi, uliliona wewe. Nisingeweza kumweleza yule mama wa kiatu bila kueleza nimemjuaje. Nikasema dada yangu anajua. Nikasema mumewe ni mmoja wao, aliyekuja mwanzoni mwa Aprili, fundi wa makochi. Profesa alimkumbuka. Alisema alimuuliza fundi kama ana jambo analolitamani, na fundi akafikiri muda mrefu, akajibu kwamba angetamani kutamani.

Jioni hiyohiyo watu wa mapokezi walikaa kwenye simu wakimwita mmojammoja wa kwenye benchi, kuwaambia jaribio limeahirishwa na warudi kwa madaktari wao bila kungoja. Nilikuwa chumba cha pili na nilisikia upande mmoja wa mazungumzo hayo yote. Sijui waliosikia walisema nini. Simu moja ilipigwa mara nyingi bila kupokelewa, na kesho yake akatumwa mtu nyumbani. Alimkuta mwenyewe. Alikuwa hai, alikuwa hajaona tu sababu ya kupokea. Ni yule aliyekuja peke yake.

Mimi nimeachishwa kazi kwa kuvunja kiapo. Waliniandikia kwa lugha safi na sina malalamiko, kilichoandikwa ni kweli. Bi Pamba hakufukuzwa. Walimwambia atahamishiwa kufua mashuka, akawajibu kwamba shuka halina shukrani, akaondoka mwenyewe. Panya wataanzwa upya, wengine, vizimba vimechanganywa juu na chini, na ngazi imetengenezwa. Huenda siku moja watagundua kwamba dawa ya Profesa ilikuwa kweli inafaa. Ningefurahi. Nakuambia hivi ili usidhani nina kinyongo na dawa.

Barua yako fupi ya tarehe tatu ilinifikia siku ya mwisho pale. Kwamba amerudishiwa vidonge, kwamba daktari amesema itachukua wiki kadhaa vishike tena na usimwache peke yake, kwamba chaki bado iko dirishani na bado anaitazama. Usiiondoe.

Sasa kuhusu kunipata. Usiandike tena kwenye taasisi. Barua zinazofika pale kwa jina langu zinafunguliwa. Usipige simu, namba ile ilikuwa ya kazini. Nimepanga chumba cha uani kwa Bi Pamba, nyuma ya kiwanda cha barafu, nyumba yenye mlango wa bati uliopakwa rangi nusu. Juu ya bahasha andika "Mpangaji wa Bi Pamba", mleta barua anamjua. Mkija wenyewe, msishukie kituo cha taasisi, shukeni cha nyuma yake, mtembee mkisikiliza mashine za barafu mpaka ziwe upande wa kulia. Bisheni hodi kwa nguvu, kwa kuwa anaongea na kuku na hasikii. Chai mtapewa.

Na jambo moja zaidi, nalo usilifanye kwa haraka. Barua yako ijayo iandike wewe, lakini juu ya bahasha usiandike kitu. Iweke mezani, kalamu na anwani yangu kwenye kikaratasi pembeni, hatua chache kutoka kwenye kochi, usimwambie afanye nini. Usimpelekee mapajani. Ikikaa siku nyingi, iache ikae. Nitangoja. Nitakapouona ule mwandiko uliolala upande mmoja juu ya bahasha, habari nitakuwa nimezipata kabla sijaifungua.

Mdogo wako